Ukuta wa Paris

Brooklyn Park. Jumamosi, saa kumi jioni.

Ildephonse alitandaza picha juu ya magunia ya unga, katika chumba cha nyuma cha duka. Kuta. Kuta tu. Mbao nyeupe zilizochongwa maua, njiwa na vinanda, kila mchongo umepakwa dhahabu.

"Hii inaitwa boiserie," alisema. Mkongo, bastola kiunoni, muuzaji wa vitu vya wizi. "Ilikuwa mu nyumba ya mukubwa fulani kule Paris. Tajiri wa Gregory alinunua sebule muzima, akaisimamisha hapa Saint Paul. Tunabeba mbao sita."

Walter alicheka. "Watu wanaiba benki. Sisi tunaiba ukuta."

"Weye drive tu. Na heater iwake mbele, kabla mbao haziingie. Hii mbao ya zamani ikitoka kwa joto na kupigwa na baridi ya huku, inapasuka. Dhahabu yote inaanguka. Si kweli, Gregory?"

"Kweli."

Gregory alijua. Ndiye aliyejaza maji kwenye mashine ya unyevu mle sebuleni, asubuhi na jioni, ili kuta za tajiri zisikauke. Tajiri huyo huyo mwenye nyumba za kutunzia wazee. Wakati wa korona, Imaculata, mke wa Gregory, aliyefanya kazi humo, alipewa barakoa moja ya wiki nzima. Akapata homa. Ofisi ikasema hakuna wa kushika zamu yake, aje. Akaenda. Akafa. Mwaka huo huo kuta zilinunuliwa mashine mpya.

Gregory hakutaka mgawo. Alitaka kumwona yule mtu akilia. Mara moja tu. Hakumwambia yeyote, hata Walter, mdogo wake Imaculata.

Saint Paul. Jumapili, saa nne asubuhi.

Baridi ya kukata masikio. Tajiri kanisani. Gregory alifungua mlango, akazima king'ora.

"Nyinyi ng'oeni," alisema. "Mimi nitapakia."

Mbao zilitoka moja moja, ndefu, nyembamba. Nyuma yake palibaki ukuta wa kijivu kama wa chumba chochote cha kupanga. Gregory alizibeba hadi nje. Hakuziingiza kwenye gari. Alizivua mablanketi waliyozifungia, akaziegemeza kwenye ukuta wa nje wa garaji, ncha za chini kwenye theluji. Halafu akatoa simu.

"Bosi, rudi nyumbani. Ukuta wako uko nje."

Saa tano kasorobo.

Pa!

Ildephonse akatoka mbio, bastola mkononi, Walter nyuma yake. "Nani anapiga risasi?"

Pa! Ubao wa njiwa ulipasuka kutoka juu hadi chini. Vipande vya dhahabu vilidondoka kama maganda.

"Shemeji, umefanya nini?" Walter aliuliza.

"Nimempigia bosi. Anakuja."

"Mon vieux, rafiki yangu," Ildephonse alisema polepole, "umeniua."

Akampiga risasi ya paja. Akaruka garini, akaondoka.

"Kimbia," Gregory alisema.

"Nikuache ukivuja hivi? Nitamwambia nini dada siku nikimfuata?" Walter alikuwa ameshapiga magoti. Alifanya kazi hospitalini; kuzuia damu ilikuwa kazi ya kila siku. Akavua mshipi, akakaza paja, akagandamiza kwa mikono miwili.

"Walter, nakuambia kimbia!"

"Nyamaza. Usitikisike."

Polisi walioitwa na tajiri walimkuta Walter hivyo hivyo, mikono imejaa damu. Wakamlaza kifudifudi kwenye theluji, wakamfunga pingu.

Tajiri alifika na koti la kanisani. Aliwapita wote wawili bila kuangalia chini. Akapiga magoti mbele ya mbao, akaanza kuokota zile chembe za dhahabu kwa kucha. Mabega yakatikisika. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.

Gregory alitazama. Ndicho alichokuwa amekingoja. Kumbe machozi alikuwa nayo. Miaka yote hiyo alikuwa nayo.

"Umeridhika sasa, shemeji?" Walter aliuliza, shavu kwenye theluji.

Gregory alimnyoshea mkono. Polisi wakamnyanyua Walter, wakampeleka.