Nyumba ya Kupangisha Siyo Zizi

Kila asubuhi Masalu huwatoa maksai wake wawili kabla hajanawa uso. Huwapapasa shingo na kuwaangalia kwato, ndipo anamsalimia mke wake, Hana. Mama huyo amezoea. "Humu ndani mimi ni wa tatu," huwa anasema, na majirani hucheka.

Wanaishi Ilembo, pembeni mwa mji wa Mpanda. Shamba lao la mpunga liko Mwamkulu, na maksai hao ndio wanaolilima. Wazazi wa Masalu walihamia Katavi kutoka Usukumani wakiswaga ng'ombe. Masalu mwenyewe amekulia machungani. Jambo lolote jipya hulipima kwanza kwa ng'ombe.

Mwaka huu alitaka kujenga nyumba ya kupangisha. Wazo lilikuwa zuri, maana mji unakua na watu wanatafuta pa kuishi. Aliuza ng'ombe wake wengine wote. Alinunua mawe, akachoma matofali. Kisha akachukua fimbo, akachora nyumba yake chini kwenye vumbi.

Aliichora duara. Vyumba vyote vilizunguka ua mmoja. Milango ilitazama ndani. Madirisha yalikuwa madogo, nayo yalitazama ndani. Choo kilikuwa kimoja. Geti lilikuwa moja, na hapo getini Masalu alipanga kuweka kiti chake.

"Mpangaji akitoka namwona, akiingia namwona," alisema kwa furaha.

Vibarua walichimba msingi wote kwa mpigo. Walipanga mawe nusu ya mtaro, hela ikaisha.

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Mawingu yalianza kujikusanya kila mchana. Masalu akawa hali chakula vizuri.

"Mvua ikikuta mitaro iko wazi, itabomoka," alimwambia Hana. "Jumamosi nawapeleka maksai mnadani."

Hana aliweka chini ungo wa mchele. "Baba Ezekia, tutalima na nini?"

"Tutaona."

"Na ada ya Ezekia? Si inatoka kwenye mpunga?"

"Nimesema tutaona!"

Moyo ulimuuma Hana. Mtu akisema "tutaona" kwa sauti kubwa namna hiyo, ujue haoni kitu.

Baadaye siku hiyo alivuka barabara, akaenda kwa Pudensiana, ambaye mtaa mzima humwita Mama Gaspar. Mama Gaspar ni Mpimbwe, mwenyeji wa Katavi, mama wa jumuiya ya kanisani, na mdomo wake haulali. Ana nyumba za kupangisha, na mpangaji wake akihama, mwingine huwa ameshaulizia. Alimsikiliza Hana mpaka mwisho. Kisha akajifunga kanga, wakarudi wote.

Mama Gaspar aliuzunguka msingi polepole. Masalu alimfuata nyuma.

"Baba Ezekia, hongera," alisema. "Hapa watalala ng'ombe wangapi?"

Masalu alikunja uso. "Hii ni nyumba ya watu, Mama Gaspar."

"Ya watu? Mbona nyie mmejenga zizi? Hebu niambie, ukimpangisha mwalimu na mke wake, wageni wao watapita wapi?"

"Hapa getini."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba atahama. Ng'ombe anapenda kuchungwa. Mtu mzima hapendi. Uliwauliza wapangaji wanataka nini kabla hujachimba?"

Masalu alikiri kwamba hakumuuliza mtu yeyote.

"Mimi nawauliza kila siku," alisema Mama Gaspar. "Wanataka mlango wao. Jiko lao. Choo chao. Luku yao, ili umeme usigombanishe watu. Na hewa. Dirisha likiwa upande mmoja tu, hewa ikiingia itatokea wapi? Weka madirisha makubwa pande mbili, chumba kipumue. Sasa, ramani iko wapi?"

"Ramani ninayo kichwani."

"Na kibali cha ujenzi kiko kichwani pia?"

Hana aliangua kicheko. Masalu mwenyewe alicheka kidogo, halafu akakaa kwenye rundo la matofali. Machozi yalimlengalenga.

"Mama Gaspar," alisema kwa sauti ya chini, "nimeshamaliza ng'ombe. Nifanyeje? Nimebaki na maksai tu."

Mama Gaspar akaacha utani. Akaketi karibu naye.

"Kwanza, maksai wasitoke zizini. Sasa hivi nyasi hakuna, ng'ombe wote wamekonda, mnadani watakupa bei ya huruma. Halafu utakuwa na nyumba nusu na shamba lisilolimwa. Utakula wapi?"

"Lakini msingi..."

"Msingi fukia. Toa mawe yako, hayaozi. Matofali yako yapo, yafunike. Tatizo lako ni moja tu: umetaka kujenga yote kwa mara moja. Mtaka yote hukosa yote. Anza na nyumba mbili zilizoungana. Kila moja iwe na sebule, vyumba viwili, jiko na choo. Ukuta wa katikati ni mmoja, unatumika pande zote mbili, kwa hiyo matofali yanapungua. Mawe uliyonayo yanatosha na kubaki. Sehemu nyingine ya kiwanja iache. Wapangaji wakilipa, ndipo unaongeza nyingine."

Masalu aliinua kichwa. "Na bati? Na saruji?"

Hapo Hana alikohoa. Alikuwa mwanachama wa chama cha akiba na mikopo. Aliwahi kumwambia mumewe kuhusu mkopo, naye akajibu kwamba mkopo ni kamba ya shingoni.

"Mkopo ni kamba kweli, kama hujui utaulipaje," alisema Mama Gaspar. "Piga hesabu hivi. Chukulia nyumba moja haina mpangaji. Kodi ya ile nyingine peke yake inatosha marejesho ya mwezi? Ikitosha, kopa. Isipotosha, punguza mkopo au subiri."

Walikaa pale pale kwenye matofali, wakapiga hesabu. Mkopo wa kumaliza yote haukulipika kwa kodi ya nyumba moja. Wakapunguza. Dari ingesubiri. Rangi ya nje ingesubiri. Wakarudia hesabu, na safari hii ikakubali.

Masalu alishusha pumzi ndefu. "Kwa hiyo Jumamosi siendi mnadani?"

"Nenda ukale nyama choma," alisema Mama Gaspar. "Maksai waache nyumbani."

Wiki hiyohiyo walikwenda kwa mchoraji wa majengo. Aliwachorea ramani ya kiwanja kizima. Alionyesha nyumba mbili za kwanza, na mahali pa kujenga nyingine baadaye. Aliacha nafasi kutoka kwenye mpaka wa jirani. Shimo la maji machafu aliliweka mbali na kisima kilichopo kiwanjani. Masalu aliuliza mara nyingi sana kuhusu hilo shimo, mpaka akaelewa kwamba maji machafu hupita chini ya ardhi na kuingia kwenye maji ya kunywa. Alishtuka. Kwenye duara lake, choo na kisima vilikuwa majirani.

Walipeleka ramani manispaa kuomba kibali. Afisa aliikagua, akaja kuona kiwanja, akawaeleza nini cha kurekebisha. Kibali kilipotoka, Hana alipata mkopo wake, na ujenzi ukaanza.

Mvua kubwa za kwanza zilikuta nyumba zimeshaezekwa bati. Masalu alisimama ndani ya nyumba isiyo na milango, akasikiliza mvua inavyopiga juu. Alicheka peke yake.

Baada ya Krismasi, nyumba ya kwanza ilichukuliwa na muuguzi anayeitwa Lucia na familia yake. Waliandikiana mkataba: kodi ni kiasi gani, italipwa lini, nani anatengeneza nini kikiharibika. Ya pili ilichukuliwa na fundi wa magari aitwaye Ponsian. Kila mmoja ana mlango wake. Masalu hajui nani ameingia na nani ametoka, na siku za mwanzo jambo hilo lilimsumbua kidogo. Kodi ya kwanza ilipolipwa, akapona.

Wakati huo yeye alikuwa Mwamkulu. Asubuhi moja Hana alimpelekea uji shambani. Alimkuta nyuma ya maksai, matope mpaka magotini, anaimba. Hakuwa ameimba tangu kiangazi. Hana aliweka chupa ya uji chini, akaanza kulia.

Masalu alisimamisha maksai. "Mama Ezekia, unalia nini tena? Nyumba zimejaa, mkopo unalipika!"

"Ile siku uliyosema unawapeleka mnadani," Hana alisema, "kabla sijaenda kwa Mama Gaspar nilipita sokoni. Nilinunua jembe la mkono. Nililificha chini ya kitanda."

Masalu aliutazama mpunga wa majirani, kisha shamba lake pana, kisha mikono ya mke wake. Akamshika mkono, wakakaa kwenye tuta, wakanywa uji kwenye kikombe kimoja.