Ukuta wa Futi Saba wa Jela ya Pellam

Jumanne ile ya Septemba, mimi na mdogo wangu Merle tulikuwa tunakula mkate wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, kwenye mgahawa unaotazamana na mahakama ya kaunti yetu ya Pellam. Malori ya mahindi yalikuwa yanapita barabarani, jua linawaka, watu wanasalimiana. Siku ya kawaida kabisa. Ila Merle, ambaye chipsi huzimaliza kabla hazijapoa, hakuzigusa. Nikajua ana jambo.

Niseme mapema kwamba wasanifu majengo siwapendi, na Preston Galbraith simpendi kuliko wote. Alikuja kwetu kutoka mjini na buti ambazo hazijawahi kuonja tope, akajigamba kwamba amejenga jela kumi na sita. Kumi na sita, na hajalala hata katika moja! Mahabusu aliwaita "watumiaji wa jengo", kana kwamba wamekuja kuogelea. Makamishna wetu watatu, ambao ukiwajumlisha wote hupati akili ya mtu mmoja, walimsikiliza midomo wazi. Wakampa kazi ya kujenga kituo kipya cha haki: mahakama, ofisi za waendesha mashtaka na jela chini ya paa moja. Jela kongwe ya mawe, ya mwaka 1887, ikaamuliwa ikarabatiwe na ibaki katikati, kwa sababu wapiga kura wanapenda mawe ya zamani. Mimi, Nadine Stroud, nimetunza daftari la mahabusu miaka thelathini na moja. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Merle alikuwa mchora ramani wa huyo Galbraith, tangu enzi zake za mjini. Asubuhi ile alikuwa ametoka kupima jela kongwe.

"Dada," alisema, akainamia meza, "ule ukuta wa mwisho una futi saba."

"Urefu?"

"Unene."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba jengo kwa nje lina futi sitini na mbili. Kwa ndani, ukijumlisha selo zote nane na kuta zake, unapata hamsini na tano. Futi saba zimeingia wapi?

"Kuna chumba mle," alisema. "Na si hilo tu. Nilikuwa peke yangu. Nilichomeka ncha ya utepe wa kupimia kwenye ufa, chini ya ule ukuta, nikarudi nyuma navuta. Nilipofika huku mwanzo, utepe ukavutwa kule."

"Umenasa tu."

"Ulivutwa mara mbili, dada. Polepole. Sisi wapimaji ndivyo tunavyoambiana: nimeshika, soma."

"Ukafanya nini?"

Merle akalamba midomo. "Nikasoma."

Alimweleza Galbraith alasiri hiyohiyo, bila habari ya kuvutwa, maana alijua atachekwa. Galbraith hata hakuinua macho. Kuubomoa ukuta ule kungemlazimu kuwaita watu wa majengo ya kihistoria, nao wangesimamisha kazi miezi sita, wakati makamishna walitaka kukata utepe wao wa uzinduzi kabla ya uchaguzi. "Jaza weusi, Merle," akasema. Katika ramani zao, sehemu ya jiwe tupu hupakwa weusi. Ukishapaka, umeapa kwamba pale hakuna kitu.

Merle akajaza, akasaini. Ni damu yangu, lakini sitamsafisha. Mdogo wangu alikuwa mwoga. Miaka kumi na tisa alimwambia yule bwana ndiyo, na hakuna siku alijaribu hapana.

Kwetu, jela mpya ikikamilika, kabla ya kuhamisha mahabusu wenyewe huwa tunawaalika raia wafungiwe saa chache kulijaribu jengo. Watu wazima wanavaa fulana za rangi ya chungwa, wanakula mkate na soseji baridi, wanapigwa picha, na Jumapili wanatamba kanisani kwamba wameonja jela. Upuuzi mtupu. Jengo lilipokamilika, siku ilipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Jela kongwe ilihitaji watu wanane kwa selo nane. Alikuja mchungaji, meneja wa benki, daktari wa meno, mke wa kamishna mmoja, na wengine wa namna hiyo. Akapungua mtu mmoja.

"Merle, ingia nane," alisema Galbraith, mikono mfukoni. "Watu waone kwamba unaiamini ramani yako."

Selo ya nane ndiyo inayopakana na ule ukuta. Merle aligeuka akanitazama. Alikuwa ananiomba niseme neno, na ningesema neno Galbraith angetafuta mwingine. Nami nikaona aibu mbele ya wale watu.

"Ingia bwana, ni saa mbili tu," nikamwambia. "Acha utoto."

Maneno hayo ni yangu. Simsukumii mtu.

Milango ilikuwa ya chuma kitupu, yenye kidirisha kidogo cha kupitishia chakula. Galbraith aliifunga kwa kompyuta aliyokuwa anaisifu kama mtoto wake wa kwanza. Askari anapita ukumbini, kila aliye ndani anaita namba ya selo na jina lake, kisha askari anabonyeza idadi aliyoisikia. Idadi ikilingana na daftari, milango inaweza kufunguka. Isipolingana, hatoki mtu. Hapo nilimuunga mkono, maana ndiyo sheria ya jela tangu zamani: hesabu kwanza.

Saa sita mchana askari wetu Roxie alipita kuhesabu. Akarudi anakuna kichwa.

"Tisa," alisema.

"Tisa wapi? Wako wanane," Galbraith akamdaka. "Huko shuleni mlifundishwa kuhesabu au kuchunga?"

Roxie akarudi. Tisa tena. Watu wakaanza kucheka mle ndani, mchungaji akapiga kelele kwamba ana njaa. Basi nikaenda mwenyewe. Moja, akaita mchungaji. Mbili. Tatu. Sauti zote nilizijua. Saba, akaita mke wa kamishna. Nane, Stroud, akasema Merle, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Nikasubiri.

Kutoka ng'ambo ya selo ya nane, pale ambapo hapana selo, mtu akasema, "Nipo."

Hakutaja namba, wala jina. Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu, yenye adabu. Ilitoka kwenye jiwe.

Merle akaanza kugonga mlango. "Dada, fungua. Dada. Amesimama."

"Nani amesimama?"

"Fungua!"

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, nilikimbia hadi chumba cha kompyuta. "Wako tisa," nikasema, "na mdogo wangu anaogopa. Tafuteni ufunguo wa mkono."

"Mama, hakuna ufunguo wa mkono. Niliutoa, ni mambo ya kizamani." Galbraith alikuwa anatazama saa yake. Mpiga picha wa gazeti alikuwa anasubiri nje. "Daftari linasema wangapi?"

"Wanane."

"Basi ni wanane."

Akanyoosha kidole akabonyeza nane. Milango yote ikafunguka.

Wakatoka mmoja mmoja. Mimi nilisimama mlangoni napokea fulana na kutia alama kwenye daftari. Nilitia alama nane. Wa mwisho alikuwa Merle, kichwa chini. Nikapumua. Nikamshika bega.

"Pole. Leo fulana umeilowesha jasho."

Alisimama kwenye mlango uliokuwa wazi kabisa, mikono imening'inia. Alikuwa anasubiri. Mpaka nilipomwambia "pita", ndipo akapita.

Jumatano wifi yangu Lavonne, mke wa Merle, akanipigia simu. Alikuwa ananong'ona. "Wifi, njoo umtazame mdogo wako huyu."

"Amefanya nini?"

"Njoo tu."

Nilimkuta Merle amesimama mbele ya mlango wa jikoni, pua karibu iguse ubao. Lavonne alisema amesimama hivyo tangu asubuhi. Kila mlango wa nyumba, husimama hadi afunguliwe. Chakula anakula kwa kijiko tu, mkono mmoja umeizunguka sahani. Alfajiri anakunja blanketi, anasimama pembeni ya kitanda. Sura ni ya Merle. Hata alama yake ya kuzaliwa, ya shingoni, ipo.

"Merle," nikamwita. "Mama yetu alikuwa anaitwa nani?"

Akatabasamu kidogo, kama mtu anayehojiwa na askari.

"Sijui, bibi," alisema. "Nilikuwa ndani muda mrefu."

Sauti ilikuwa kavu, yenye adabu.

Sikumbuki nilivyofika kazini. Mahabusu wenyewe walikuwa wameshahamishiwa jela kongwe, wanane, na Roxie aliniambia bila kunitazama kwamba kila hesabu inatoka tisa. Wenzake wameshazoea. Wanabonyeza nane, wanaenda kunywa kahawa. Hayo ndiyo mazoea ya kaunti yetu, kitu kikizidi tunakipunguza kwenye karatasi.

Nikapita ukumbini mwenyewe. Moja. Mbili. Watu nisiowajua wakaita majina yao hadi wa nane. Nikasogea mbele, nikaweka kiganja kwenye jiwe la ule ukuta. Lilikuwa baridi.

"Nipo," akasema Merle.

Merle wangu. Sauti ile ile iliyokuwa inaniita nimshushe kwenye mti akiwa na miaka sita.

Nilikwenda mbele ya makamishna kwenye kikao cha Alhamisi asubuhi. Niliwaomba kitu kimoja: bomoeni ukuta. Nililia mbele yao, mimi nisiyelia msibani. Galbraith alikuwepo. Akafungua ramani mezani, akaweka kidole kwenye ule weusi.

"Jiwe tupu," alisema. "Na hii saini ni ya nani, mama?"

Nikainama nikaitazama.

"Ni ya mdogo wako. Na mdogo wako yuko nyumbani kwake anakunywa supu. Sasa unataka tubomoe jengo la kihistoria tukamtafute mtu ambaye hajapotea?"

Makamishna wakacheka. Wakapiga kura, watatu kwa sifuri, kisha wakahamia kwenye rangi ya mazulia ya mahakama. Jela kumi na saba zake sasa, na kila anayoikabidhi anapigiwa makofi. Ningekuwa mchawi kweli, ningeanza na yeye.

Nikashuka stoo, nikapekua madaftari yetu ya zamani. Ilinichukua siku mbili. Mwaka 1911, mwezi Machi, aliingizwa mtu. Mahali pa jina pamechorwa msalaba tu. Hakuna kosa lililoandikwa. Kuachiwa kwake hakukuandikwa popote, wala kifo. Mwezi uliofuata, daftari la matengenezo linasema ukuta wa mwisho umeongezwa unene. Basi. Karani mvivu hakumwandika mtu, na asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapelekewi chakula. Huyo karani alifanya kazi hii hii yangu. Nilimtukana kwa sauti, peke yangu mle stoo.

Na Merle je? Siku nane alikuwa hajaandikwa popote.

Nikapanda juu. Nikafungua daftari la leo, lile lililounganishwa na kompyuta. Chini ya majina manane nikaandika la tisa kwa herufi kubwa: STROUD, MERLE. Nimewaandika wezi, walevi, na wanaume waliowapiga wake zao, sikuwahi kuandika mtu niliyembeba mgongoni. Sikuweza kumtoa. Niliweza kumfunga tu, ili asisahauliwe.

Hesabu ya adhuhuri, Roxie alirudi amesimama wima.

"Tisa," alisema. Akabonyeza tisa. Taa ikawaka kijani.

Jikoni hupika kwa kufuata daftari, kwa hiyo sinia tisa zilikuja. Ya tisa Roxie aliiweka sakafuni, imegusana na ukuta, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuiweka. Mkate wenye siagi ya karanga, tufaha, maziwa. Akageuka kufunga kidirisha cha selo ya nane. Hakuondoka. Hakuna mtu aliyepita. Alipogeuka tena, sinia ilikuwa tupu.

Akaniletea mikononi, uso umempauka. "Mama Nadine, angalia."

Maziwa yalikuwa yamekwisha. Tufaha limebaki kokwa. Pembeni ya sinia kulikuwa na kingo za mkate, zimepangwa mstari mmoja, zimenyooka. Mdogo wangu hali kingo tangu aote meno.

Roxie aliketi karibu yangu. Alitazama daftari, akatazama jina, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, ya tarehe ya kuachiwa, ambayo nilikuwa nimeiacha wazi.

"Na huyu," aliuliza, polepole, "anatoka lini?"