Kitambaa Chini ya Grisi

Jua lilikuwa linazama nilipofika karakana ya shemeji, mume wa dada yangu mdogo, kumsafishia mashine yake mpya ya kukereza vyuma. Kazi hiyo niliifanya miaka thelathini na tisa kabla ya kustaafu. Mashine ilikuwa ndogo, ya kuwekwa mezani. Misumari ya sanduku lake niliing'oa mwenyewe, mmoja mmoja. Hakuna aliyenitangulia.

Kiwandani huzipaka mashine mpya grisi nzito ya kahawia zisishike kutu. Niliilainisha kwa mafuta ya taa, nikasugua kwa brashi hadi kwenye parafujo ndefu, ile inayosukuma kisu.

Brashi ikakwama.

Chini ya grisi kulikuwa na kitambaa cha bluu kilichojizungusha mara tatu, kimekazwa... kama kilichovutwa na mashine ikiwa inazunguka. Kilishonwa kwa uzi mweupe. Kilikuwa na doa jeusi, na harufu yake haikuwa ya grisi. Nimewahi kunusa damu kwenye chuma cha moto.

Shemeji alivaa koti la kazi la bluu. Nilitazama mishono yake. Uzi wa bluu.

"Mashine hii imeshakula mtu," nilinong'ona.

"Shemeji, uzee huo! Waliijaribu kiwandani, nguo ya mtu ikanasa. Au ulitaka wafanye kazi uchi?"

"Na grisi wakaipaka juu ya kitambaa?"

Akavua koti, akalitundika ukutani.

Nilikaza skrubu za pembeni mpaka kisu kikateleza bila kuchezacheza. Nikazungusha kwa mkono kichwa kinachoshika chuma. Nilipokiachia, kikarudi nyuma kidogo... taratibu... chenyewe.

Kesho yake ndiyo angeiwasha. Alipokwenda kunawa, nilichukua mkasi nikakata mikono ya koti lake hadi viwikoni. Kitambaa nikakitia mfukoni.

Asubuhi nilimkuta dada mlangoni, kanuna. Ndani, mashine ilikuwa inanguruma.

"Kaka, koti la mume wangu limekukosea nini? Usiku kucha narudishia mikono! Uzi wa bluu umeniishia, nimemalizia na mweupe."

Nilikimbia kama sina miaka sabini na minne.

Ngurumo ikawa nzito... ikakwama... Niling'oa waya ukutani.

Shemeji alikuwa ameinamia parafujo. Mkono mzima, bila hata mchubuko. Nilikikunjua kitambaa kilichonasa. Mara tatu.

"Umeniokoa," alinong'ona. "Basi, yamekwisha."

Nikatoa kile cha jana, nikaviweka sambamba. Upana ule ule. Mishono kumi na minne huku, kumi na minne huku. Dada alivishika vyote viwili, akasema hakuna mwingine anayeshona hivyo.

Ila cha leo ni safi.

Cha jana kina doa.

Mashine inafanya kazi vizuri, na shemeji hataki kusikia habari ya kuiuza. Sasa anavaa fulana tu. Mimi napita kila asubuhi kuipaka mafuta na kuirekebisha, maana hamwamini mwingine.

Wiki iliyopita dada alinishonea koti la kazi, shukrani yake. La bluu. Alilileta limekunjwa vizuri, akanibusu mkono.

Nimelitundika nyuma ya mlango. Mishono yake sijaitazama.