Mashine Iliyotii Kila Mdomo

Nilikuwepo. Anayebisha aje nimwoneshe shati langu, vanishi ya siku ile haijatoka mpaka leo. Mimi ndiye mpaka vanishi wa karakana ile, na wa kunizidi hajazaliwa.

Mashine yetu ya kukata mbao iliendeshwa na kompyuta, na kompyuta iliendeshwa na Mama Pacha. Alikuwa na mtindo wake: mkono wa kulia unafagia vumbi chini ya msumeno, kidole cha kushoto hakibanduki kwenye kitufe cha kuzima cha kibodi. Basi shemeji yake, mwenye karakana, akaleta programu ya kusikiliza sauti, na kipaza sauti chake. Kibodi akaifungia kabatini.

"Wateja wanapenda kuona mashine inaamrishwa kwa mdomo," alisema.

"Shemeji, kitufe nakibonyeza mimi. Sauti anayo kila mwenye mdomo."

"Unaogopa maendeleo tu."

"Naogopa kubaki kigutu! Weka wewe mkono wako basi!"

Siku hiyohiyo, mchana kweupe, tukiwa kimya tunakula, kompyuta ikajibu: "Nimesikia."

Nani kasema? Tukatazamana. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikatanda.

"Mwambie shemeji yako," nilimnong'oneza.

"Nimeshamwambia. Eti ni feni."

Kesho yake Mama Pacha akavaa barakoa, akaingiza mikono yote miwili kufagia vumbi, maana wa kushoto haukuwa na kazi tena, na hapo nikasikia, kwa masikio haya, sauti yake mwenyewe ikisema "Kata," ilhali kidevu chake hakijatikisika chini ya barakoa, na msumeno ukashuka ukinguruma, ukanasa mkono wa shati lake, akapiga kelele "Simama!" ukasimama, na ile sauti, yake vilevile ila ya baridi, ikasema taratibu "Endelea," ukaendelea, akalia "Simama!" nayo "Endelea," wakibishana Mama Pacha na Mama Pacha, msumeno ukizidi kushuka, mpaka mimi, simba mimi, nikaruka juu ya meza nikang'oa waya ukutani.

Ukucha wake mmoja ulikwenda. Mama Pacha akamfuata shemeji yake, damu ikidondoka kwenye viatu vya bwana mkubwa.

"Ufunguo wa kabati."

"Shemeji, tulia kwanza..."

"Ufunguo!"

Akaletwa mganga. Akainusa kompyuta, akacheka. "Hili jini lina mdomo, vidole halina. Rudisheni kibodi." Kibodi ikarudi, kipaza sauti kikatiwa moto, kikalia kama paka, na jini likatokomea.

Hapo mmepumua, siyo? Basi mganga nimemtunga mimi, hasira zangu zipate pa kuishia. Hakuitwa mtu. Shemeji mtu alikataa kutoa ufunguo, akamfukuza Mama Pacha, na leo asubuhi kanikalisha mimi kwenye kiti chake. Kipaza sauti kiko mbele yangu. Sijafungua mdomo, na kompyuta imeshajibu: "Nimesikia."