Jina la Mtoto Aliyelala Nje

Siku ile ilianza vizuri tu. Nilimnyonyesha mwanangu, nikamfunika mablanketi mawili, nikamlaza nje kwenye kigari chake chini ya dirisha kama tunavyolaza watoto wote hapa kwetu Iceland, maana baridi inawapa usingizi, kisha nikamkaribisha kahawa jirani yangu Steinvör. Mume wangu Ketill alikuwa baharini wiki ya tatu. Bila Steinvör ningekuwa naongea na kuta.

Steinvör alikuwa na mambo yake. Kila asubuhi alitandaza majivu ya jiko lake la kuni, akachora alama, akakaa nazo kimya, akazifuta. Hakumroga mtu, hakumganga mtu.

"Sasa zinakusaidia nini, dada?"

"Tangu nifiwe na mume, nakaa na mwenzangu."

"Mwenzako nani? Nionyeshe basi. Au ni majivu tu?"

"Si wa kuonyeshwa, mdogo wangu. Ni wangu."

Nikacheka. Sijui niliingiwa na nini. Mwanangu alikuwa na wiki saba, hajabatizwa, na kwetu jina halitajwi mpaka siku ya ubatizo. Tulilijua mimi na Ketill peke yetu. Nikamwambia, "Huyo mwenzako akutajie jina la mwanangu. Akilitaja, naamini."

Mkono wake ukasimama na kikombe hewani.

"Sijawahi kumwomba kitu. Ukimtuma, harudi kama alivyokuwa. Usinilazimishe."

"Unaona? Huna lolote."

Alinitazama kama mtu aliyeachwa njiani. Akachovya kidole kwenye kahawa, akachora mezani, akafumba macho. Alipofumbua alikuwa analia.

"Hajaniambia mimi," akanong'ona. "Ameenda kumuuliza mtoto."

Nilitoka mbio. Mwanangu alikuwa macho. Anacheka. Anatazama juu ya kigari, pasipo na mtu. Kwenye theluji, ubavuni mwa kigari, kulikuwa na mashimo mawili. Ya magoti. Hakuna nyayo za kuja. Hakuna za kuondoka.

Nikageuka. Steinvör alikuwa mlangoni. Akalitaja jina. Lote, la kwanza na la pili.

Tulimbatiza kwa jina jingine. Ketill alibisha kwenye simu, eti upweke umenitia wazimu, lakini nilishikilia, mtoto akaitwa Hallvarður. Steinvör hanifungulii tena. Nikibisha hodi, ananijibu akiwa ndani, polepole, "Nenda zako. Kwangu hayupo tena. Ulimtaka wewe."

Mwanangu simlazi nje sasa. Ana miezi mitano, na nikimwita Hallvarður hageuki, hata nikipiga makofi, mpaka nikampeleka kwa daktari. Daktari anasema anasikia vizuri.

Jana mchana nilikuwa nakunja nguo. Nyumba kimya. Mtoto akageuza kichwa, upesi, kama aliyeitwa jina lake. Akaitabasamia kona.

Nilisogea. Zulia lilikuwa na madoa mawili ya maji, ya baridi, yenye upana wa magoti. Katikati yake, majivu kidogo.

Sisi hatuna jiko la kuni.