Fleti Isiyolalwa na Wenyewe

Kila Ijumaa jioni nyumba ya Babu Wenzu mjini Mackay, Australia, ilijaa watu. Bibi Karmena alioka maandazi ya jibini, majirani wakapita kuonja na kuchukua habari za mtaa, na Tessa, mjukuu aliyeishi nao pamoja na mama yake, akagawa sahani. Ijumaa hii kelele zilizidi. Kesho yake Tessa angepata kipaimara, na Mjomba Salvu alikuwa njiani kutoka Sydney na mkewe na binti yao, Lorena.

Gari liliposimama, Mjomba aliingia na mabegi mawili.

"Baba, nipe ufunguo wa fleti ya ufukweni, tumechoka."

Babu aliweka kikombe chini. "Ufunguo wa nini? Si mlichukua hoteli?"

"Tuliifuta! Tumeambiwa tutalala kwenye fleti. Mzee, umeshaanza kusahau?"

Watu wakacheka. Babu hakucheka.

"Ile fleti ni ya mfuko wetu wa akiba ya uzeeni, mimi na mama yako."

"Na mfuko si mnausimamia wenyewe?"

"Tunausimamia kwa sheria. Nyumba ya kuishi iliyonunuliwa na mfuko ni ya kupangisha watu baki. Sisi haturuhusiwi kulala humo, wala nyinyi watoto wetu."

"Basi nitalipa kodi kama mpangaji yeyote."

"Hata ukilipa, Salvu. Ndugu ni ndugu."

"Siku mbili tu! Mpangaji ameshahama, nani atajua?"

"Mkaguzi wa hesabu anakuja kila mwaka, na mimi simdanganyi. Tukivunja sheria, tunaweza kupigwa faini. Mambo yakiharibika zaidi, serikali inaweza kukata karibu nusu ya mfuko. Nimetoka jasho kwenye miwa maisha yangu yote. Uzeeni tule nini, maandazi ya jana?"

Mke wa Mjomba alimgeukia binti yake. "Lorena! Wewe na simu yako! Umesikia vibaya tena, na sasa hoteli zote zimejaa."

Lorena alimtazama Tessa, machozi yakimlengalenga. Tessa alihisi masikio yanawaka. Angenyamaza tu, mambo yangeisha hivyo hivyo.

"Lorena hakukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyempigia. Nilimwomba Babu wiki iliyopita, akakataa. Nikamwambia Lorena mje tu, kana kwamba amekubali. Nilidhani mkishafika mlangoni, ataona haya kuwakatalia."



"Kumbe tuna dalali humu ndani," alisema Maureen, jirani wa upande wa pili. "Haya, karavani yangu, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, iko uani, haina kazi. Ila mlango wake unalia kama mbuzi."

"Mimi na Lorena tutalala huko," Mjomba akasema. "Lakini mke wangu mgongo unamsumbua. Anahitaji kitanda cha maana."

Babu alimwita Tessa karibu yake.

"Mimi ndiye niliyeinunua ile fleti, na bado siwezi kumkaribisha mtu humo. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya uzee wenu."

"Ndiyo. Wewe ukaigawa kwa simu, halafu ukataka aibu inilazimishe nikubali. Ulitaka kuwafurahisha ndugu zako, hilo nalielewa. Lakini anayetaka kukirimu watu atoe kilicho chake, na aseme ukweli kuhusu kisicho chake. Umechelewa kuusema, ila umeusema wakati mwenzako angebeba lawama yako. Kwa hilo nakushukuru."

Tessa alifuta uso. Kisha akaenda chumbani kwake, akatandika shuka safi, na kutoka amekumbatia mto na blanketi.

"Mama Lorena, kitanda changu ni chako," alisema. "Mimi nalala hapa kwenye kochi."

"Sasa hicho," Babu alisema, "unaweza kukitoa."