Pumzi Ndani ya Silinda

Abdihafid aliiachia kamba ya kuwashia, akapangusa jasho, akainama kusoma geji. Mshale wake haukutulia.

Geji ya kupimia kompresheni haina mambo mengi. Unatoa plagi, unafunga geji kwenye tundu lake, unafungua aksileta yote, unavuta kamba mara nne au tano, na mshale unapanda mpaka pale nguvu ya silinda inapofikia. Hapo unaganda, haushuki mpaka wewe mwenyewe ubonyeze kipini cha kutolea hewa. Silinda ya juu ya injini hii ndogo ya mashua ilikuwa imempa mia na ishirini, mshale ukaganda kama inavyotakiwa. Ya chini nayo ikapanda mia na ishirini. Kisha, mikono ya fundi ikiwa imeshatua kiunoni, mshale ukashuka taratibu hadi tisini, ukapumzika kidogo, ukapanda tena mia na ishirini. Ukashuka. Ukapanda.

"Geji imeharibika," akajiambia. Huyu ni mtu ambaye hata ndoa ya jirani ikivunjika atakuambia ni gasketi, kwa hiyo sababu hazikuwahi kumpungukia.

Ilikuwa saa tisa mchana, Garissa yote imelala kwa joto, mbuzi wamejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Akabonyeza kipini. Hewa ikatoka na harufu ya nywele zilizoungua, imechanganyika na ya matope ya mtoni. Hewa ilipokwisha, mshale ukapanda wenyewe.

"Aabo Naimo!" Mkewe, Fatumo, alikuwa akimwita baba Naimo kutoka nyumbani, nyuma ya gereji. "Njoo haraka! Mtoto hapumui vizuri!"

Naimo, binti yao wa pekee mwenye miaka saba, alikuwa ameketi mkekani, mabega yamepanda, macho yamemtoka. Kwenye mto wake palikuwa na doa jeusi. Abdihafid alilinusa, akajifanya hajui ni nini. Ilikuwa oili.

Hospitalini daktari alimsikiliza kifua, akampiga picha, akasema mapafu ni safi kabisa. Akamwekea oksijeni, akaagiza alale pale wamwangalie. Fatumo akabaki naye. Asubuhi Abdihafid alirudi kuchukua nguo, na njia ya kuingia nyumbani hupitia gerejini.

Injini ilikuwa palepale kwenye stendi yake, geji imening'inia ubavuni, na mshale ulikuwa bado unakwenda. Sasa ulipanda mpaka sabini tu. Alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha, bila kujua kwa nini, akampigia mkewe simu.

"Vipi hali yake?"

"Hajapata nafuu hata kidogo. Anavuta pumzi kama anapandisha ndoo kisimani."

Abdihafid aliutazama mshale. "Sasa hivi ameshusha pumzi," akanong'ona. "Ametulia. Sasa anavuta. Sasa ameshusha."

Kwenye simu ilisikika pumzi ya mtoto, ikienda vilevile.

"Unajuaje?" Fatumo akauliza, sauti imekauka. "Wallahi uko wapi wewe? Unamwona?"

Alipomweleza, mkewe hakulia wala hakubisha. Alisema neno moja tu, kwamba anarudi na mtoto nyumbani, na kwamba kabla hajafika Maalim Nunow awe ameketi pale.

Maalim Nunow alikuja baada ya alasiri na msahafu wake kwapani, ndevu zake nyekundu kwa hina, mzee mwenye sauti ya chini ambayo watu wa mtaa ule huiamini kuliko dawa. Kabla ya kukaa alipita gerejini akaitazama injini.

"Ni ya nani hii?"

"Ya Alio, yule anayevusha watu Tana mafuriko yakikata barabara ya Madogo. Tangu maji yaliyopita ilikuwa imelala shambani kwake, kwenye migomba, kando ya mto. Pistoni ya chini ilikuwa imekwama."

"Ukaifanyaje?"

"Juzi nilichemsha oili, nikaimimina ndani kwa tundu la plagi. Ndivyo inavyokwamuliwa."

"Ulisema Bismillah?"

Abdihafid akaigeukia injini. Katika nyumba aliyolelewa, na katika nyumba yake mwenyewe, hakuna mtu anayemwaga maji ya moto chini bila kutaja jina la Mungu kwa sauti na kungoja kidogo, ili wale wasioonekana wahame. Mtoto wa miaka mitatu anajua hivyo. Lakini hiyo ni desturi ya uani na ya jikoni, na yeye alikuwa akimimina kwenye chuma. Nani hukipigia chuma hodi?

"Sikusema," akajibu. Mshale ulikuwa umefika hamsini na tano. Injini ikishuka chini ya hamsini haiwaki tena, na hakuhitaji kuambiwa maana yake. Aliona aibu kwamba mikono iliyofufua injini za mji mzima haikuwa na la kufanya mbele ya hii moja.

Maalim alimlaza Naimo mapajani mwa mama yake, akasoma Ayatul Kursi, akarudia, akasoma tena mpaka jua likaanza kuinama, na harufu ya nywele zilizoungua ikaingia chumbani polepole kama mgeni anayevua viatu mlangoni, ikajaa kwenye mapazia, kwenye mkeka, kwenye shungi la Fatumo, mpaka ikawa huwezi kuvuta pumzi bila kuionja, na ndipo midomo ya yule mtoto ikafunguka na ikatoka sauti ya mwanamke mzima aliyechoka.

"Nasikia unachosoma, Maalim. Mimi pia ni Mwislamu. Sitoki, kwa sababu sijadhulumu mtu."

Fatumo alikaza mikono yake kumzunguka mwanawe. "Audhubillahi," akanong'ona. "Audhubillahi."

"Unataka nini kwa mtoto huyu?" Maalim akauliza.

"Nilimlaza mwanangu mle ndani ya chuma. Mahali pa giza, pakavu, pasipoingia maji. Nikaenda kumtafutia mifupa, chakula chetu. Nikarudi nikamkuta ameiva."

Maalim alifumba macho kidogo. "Fundi hakujua. Asiyejua hana dhambi. Hata kwenu hukumu ni hiyo."

"Hata kwetu. Lakini kwake wakimwaga cha moto husema nini?"

"Alisahau. Kusahau nako kuna msamaha."

"Nakubali, alisahau." Kifua cha Naimo kilipanda kidogo sana, kikashuka. "Lakini alimimina makopo mawili. Kwenye kopo la kwanza mwanangu alilia. Aape kwamba hakusikia kabla ya kumimina la pili. Akiapa, nasamehe na naondoka."

Wote wawili, mke na mzee, wakamgeukia Abdihafid kwa matumaini, kwani kilichoombwa kilikuwa kidogo tu, na yeye akawakwepa macho, kwa sababu hili ndilo jambo alilokuwa akilikimbia tangu juzi: kwamba kopo la kwanza lilipoingia kilitoka kilio chembamba kama cha kitoto cha mbuzi, kwamba mkono wake ulisita, kwamba Naimo, aliyekuwa ameketi kizingitini na ubao wake wa Kurani, aliinua uso akauliza, "Aabo, nani analia?" na yeye akamjibu kwa neno lilelile, kama wazazi wa kwao wanavyowaita watoto, "Ni mvuke tu, aabo," akamimina la pili, ilhali alijua wazi, kama anavyojua jina lake, kwamba mvuke hauiti hooyo, hauiti mama.

"Apa basi!" Fatumo akasema. "Unangoja nini? Mtoto anakwisha!"

Maalim alimsogezea msahafu. Alimtazama usoni kwa muda, kisha akainamisha macho yake chini, kama mtu asiyetaka kuona zaidi.

Abdihafid aliweka mkono. Mzazi gani angeuondoa? "Wallahi," akasema, "wallahi sikusikia kitu."

Adhana ya magharibi ilianza msikitini.

"Kama ni hivyo," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa ikilia, kilio cha mama yeyote, "kama ni hivyo, nimesamehe."

Harufu ikapungua. Naimo akakohoa mara tatu, akatema kitu cheusi kwenye kitambaa, kisha akavuta pumzi moja ndefu iliyojaa, na nyingine, rangi ikamrudia midomoni. Fatumo akamkumbatia, akalia kwa nguvu huku akimshukuru Mungu. Maalim alifunika msahafu, akaenda kutawadha. Abdihafid alikaa palepale akijiambia kwamba Mungu anajua hali ya mzazi.

"Maji," Naimo akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Baba yake akamletea kikombe, akamshikia. Alikunywa chote, akajifuta mdomo, kisha akatazama juu ya bega la baba yake, kuelekea mlangoni, ambako hapakuwa na mtu.

"Aabo, yule hooyo hajaondoka."

"Nani, aabo? Hakuna mtu."

"Yuko pale. Anasema kwao kiapo kinataka shahidi." Alikunja uso kidogo, akisikiliza. "Ananiuliza mimi."

Abdihafid alitaka kumziba mdomo. Alitaka kusema lolote, kuangusha kikombe, kupiga kelele, lakini mkono alioapia haukuinuka, wala sauti haikutoka, na Fatumo alikuwa bado akilia kwa furaha, hajasikia kitu.

"Ndiyo," Naimo akaujibu mlango mtupu, kwa adabu, kama anavyowajibu wakubwa siku zote. "Tulisikia sote wawili."